Mtihani wa Anatoli

Kama maneno yangekuwa yanachaji betri, boti ya Anatoli isingehitaji alteneta hata moja. Mwenyewe angekaa tu kwenye usukani, aeleze alivyokuwa fundi enzi zake, na taa zote zingewaka mpaka ng'ambo. Lakini betri haina masikio. Asubuhi moja ya Novemba, mwaka wa tisini na sita, boti yake, iliyoandikwa ubavuni MTASEMA SANA kwa rangi nyekundu, ilirudi Kibirizi ikivutwa kwa kamba na wavuvi wa dagaa, na watu wakaanza kusema kweli.

Na watu hawakuwa haba. Tangu vita vilipowaka ng'ambo, huko Zaire, ufuko wa Kibirizi ulikuwa umejaa kuliko siku ya gulio. Wakimbizi walishuka kutoka kwenye mitumbwi na magodoro yao, masufuria yao, kuku waliofungwa miguu, na wazee waliobebwa mgongoni. Magari meupe ya mashirika yalijipanga mchangani, na vijana waliovaa vizibao walikuwa wakiwasukumasukuma watu wakae kwenye mistari. Wenyeji nao walikuja kutazama. Mtu aliyekosa nyumba akitazamwa na mtu aliyekosa kazi, ndiyo ilikuwa starehe ya mji siku zile, na wala haikuwa na kiingilio.

Leonia, mke wa Anatoli, alikuwa amesimama pale tangu kulipopambazuka. Alikuwa akimngoja mdogo wake, Veneranda, aliyeolewa ng'ambo na ambaye boti ilikuwa imekwenda kumchukua. Boti ilimrudishia mume peke yake.

"Mama Noel!" Anatoli alianza kupiga kelele kabla hajakanyaga mchanga. "Wameniuzia takataka tena! Alteneta imekufa katikati ya maji. Betri ikaisha, pampu ikanyamaza, maji yakaanza kuja. Isingekuwa mimi, tungezama!"

"Mmefika kwa Veneranda?"

"Nakwambia tungezama, wewe unaniuliza tumefika?"

Nickson, msaidizi wake wa injini, mtu mzima mwenye ndevu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuitikia, aliitikia. "Kweli kabisa, mama. Isingekuwa kapteni, sasa hivi tungekuwa chakula cha migebuka."

Hakusema kwamba kapteni ndiye aliyelia kuliko wote mpaka wavuvi wakasikia. Wavuvi wenyewe walilisema hilo, kwa sauti, huku wakikunja kamba yao, na ufuko ukacheka. Leonia hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye maji, upande ule ambao milima ya ng'ambo ilionekana kama imechorwa kwa mkaa.

Tatizo la boti ile halikuwa siri. Ilikuwa ya mbao kuukuu na ilivuja. Ilivuja toka siku Anatoli alipoinunua, na badala ya kuiziba vizuri aliiwekea pampu ya umeme ya kunyonya maji, kisha akawatangazia watu kwamba hiyo ndiyo teknolojia. Injini zake mbili za dizeli, kila moja na alteneta yake, zililisha betri moja, na betri ililisha pampu. Alteneta zikifa, betri inaisha. Betri ikiisha, maji yanapanda. Walishawahi kujaribu kukumba maji kwa ndoo. Walirudi na mikono imechubuka na boti imezama nusu, na hapo haikuwa imebeba abiria hata mmoja.

Ya kwanza kufa ilikuwa alteneta ya injini ya kulia, nayo ilikufa kifo cha haki, kwa uzee. Anatoli akafunga nyingine. Ikafa siku hiyohiyo. Akataka kuwaonyesha watu alteneta nzima inavyokuwa, akaipima ya injini ya kushoto, iliyokuwa haina hata kikohozi. Nayo ikafa. Akafunga nyingine tena, na hiyo ndiyo iliyowatupa katikati ya ziwa.

Kila moja aliipima kabla ya kuondoka. Kupima ndiko kulikompa jina. Pale Kibirizi watu waliita "mtihani wa Anatoli", na ulipotangazwa hata wachuuzi wa dagaa waliacha mafungu yao. Injini inanguruma, taa kubwa ya mbele imewashwa, Anatoli anafungua sanduku la betri, anainua spana juu kama padri anayeinua kikombe, kisha anachomoa waya wa betri. Kwa alteneta mbovu, alieleza, taa ingezimika. Lakini taa ya Anatoli haikuzimika. Iling'aa! Iling'aa nyeupe mpaka watu wakafunika macho. "Mmeona nguvu hiyo?" aliuliza, na ufuko ukapiga makofi. Kisha alirudisha waya, akafunika sanduku, akajifuta jasho ambalo halikuwapo.

Leonia naye alipiga makofi. Baadaye, kila alipokumbuka, viganja vilimuwasha.

Habari za Veneranda zililetwa na mama mmoja aliyekuwa akiuza chumvi ng'ambo, ambaye alivuka na wanawe na sasa alikuwa akilala chini ya turubai. Veneranda yuko ufukoni Ubwari, alisema, ana watoto watatu na mama mkwe asiyeweza kutembea. Mume hajulikani alipo. Wenye mitumbwi ya kule wanamchukua mwenye kitu, naye hana kitu. "Kasema atangoja hapohapo. Kasema dada yangu ana boti." Mama yule aliitazama MTASEMA SANA iliyokuwa imelala ubavu mchangani, akaona haya kwa niaba ya wenyewe, akageuka.

*

Mchana uleule Anatoli alimtuma mkewe mtaa wa Mwanga, kwenye duka la vipuri la Bi Kudra, akairudishe alteneta. Yeye mwenyewe asingeweza kwenda. Mara ya mwisho alimwita Bi Kudra tapeli mbele ya wateja, na Bi Kudra akamwomba atoke kabla hajamwagiwa oili chafu.

Leonia aliibeba ile alteneta kichwani, imefungwa kwenye kitenge, nzito kama mawe ya kusagia. Dukani palikuwa na wateja wanne wamekaa kwenye benchi. Walipoona kitenge wakajua.

"Ya ngapi hiyo?" mmoja aliuliza.

"Mwacheni, kaja kuzika," mwingine akasema, na benchi lote likatikisika kwa kicheko.

Bi Kudra alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa mtandio, akaivaa tena. Alikuwa mjane aliyerithi duka kutoka kwa mumewe, akarithi na maneno yote makali ambayo marehemu hakuyamaliza. Alichukua bisibisi, akaifungua alteneta mezani, akamsogezea Leonia.

"Nusa."

Leonia akanusa. Ilinuka plastiki iliyoungua.

"Ile ya kwanza ilinuka hivyohivyo. Na ya pili. Mama Noel, nimekaa kwenye vipuri toka wewe hujaolewa. Kitu kibovu kinakufa kwa namna yake, hiki leo, hiki kesho. Vya mumeo vyote vinakufa kifo kimoja. Sasa niambie, anazifanyaje?"

Leonia akaeleza mtihani. Alieleza kwa fahari kidogo, kwa mazoea, mpaka alipofika kwenye spana iliyoinuliwa. Hapo aliona uso wa Bi Kudra, akapunguza sauti.

"Anachomoa waya wa betri," Bi Kudra alirudia polepole. "Injini ikiwa inanguruma."

"Ndiyo. Na taa inang'aa sana."

"Lazima ing'ae! Ndiyo inakata roho hiyo!" Bi Kudra alipiga meza. "Mama, alteneta inasukuma umeme uende kwenye betri. Ukiifungia njia ghafla, umeme uende wapi? Unapanda, unarudi, unaiunguza yenyewe tumboni. Mtihani huo ulikuwa wa dinamo za zamani. Alteneta haifanyiwi hivyo. Halafu akirudisha waya, taa inawaka kama kawaida kwa nguvu ya betri, nyie mnapiga makofi, mnaondoka. Betri ikiisha mko katikati ya maji. Kisha mimi ndiye tapeli!"

Leonia hakuwa na hasira na Bi Kudra. Hasira yake ilikuwa inatafuta njia ya kwenda Kibirizi.

"Nitajuaje kama ni nzima?" aliuliza. "Bila kuchomoa."

"Pale kwenye swichi pana kitaa chekundu, kidogo kama punje ya hindi. Injini ikiwaka kikizimika, inachaji. Kikibaki chekundu, imekufa. Basi. Hakuna mtihani mwingine."

Leonia alikijua kitaa hicho. Anatoli alikibandika plasta ya kidonda siku nyingi, akisema ni pambo la waliotengeneza injini na kinamchoma macho.

Alteneta ilikuwa imebaki moja dukani, na mzigo mwingine ungeletwa na treni, na treni siku zile ilikuja ilipotaka. Leonia hakuwa na cha kulipia. Akarudi nyumbani Ujiji, akakitoa cherehani chake chini ya kitambaa cha maua, cherehani kilichomsomesha Noel mpaka akapata shule Tabora, akakifunga kwenye baiskeli ya kukodi. Majirani walitoka vibarazani kumsindikiza kwa macho. Bi Kudra alikipokea, akakifunika vizuri kwa kanga yake mwenyewe, akasema, "Kitakungoja hapa, sikiuzi. Lakini hiyo ikifa, Mama Noel, usije na kitenge. Sina nyingine."

*

"Kudra!" Anatoli alitema mate dirishani. "Mwanamke anayeuza nati kwa kilo ndiye anifundishe mimi umeme?"

"Amenionyesha iliyoungua."

"Ameichoma mwenyewe! Unawajua wafanyabiashara? Mtihani ule nimefundishwa na fundi mkuu, mtu aliyekuwa akisikiliza injini kwa bisibisi aliyoing'ata kwa jino. Miaka ishirini nimechomoa waya, hakuna kilichoungua."

"Zilikuwa dinamo, Baba Noel."

"Dinamo, alteneta, si zote zinazunguka?"

Leonia aliweka sahani ya ugali mezani, akaweka na migebuka miwili, mmoja wake na mmoja wa mume. Kisha akausogeza na wake upande wa mume. Alikuwa amepoteza hamu ya kula. Akasema kwa sauti ya chini, ile ambayo Anatoli hakuipenda kwa sababu haikumpa nafasi ya kupaza yake:

"Mdogo wangu anangoja ufukoni kwa sababu kawaambia watu dada yake ana boti. Kesho utafunga hiyo alteneta. Hutachomoa kitu."

"Na watu wakiuliza mtihani?"

Hilo ndilo lililomtesa! Hakuuliza Veneranda amekula nini. Hakuuliza watoto wanalala wapi. Aliuliza watu watasemaje, na aliuliza kwa moyo wake wote, akiwa na tonge mkononi. Leonia alimtazama mwanamume aliyezaa naye, akaona jinsi alivyomdharau, na dharau ile ikamtisha kwa sababu ilikuwa kubwa na ilikuwa imekaa humo siku nyingi.

"Wataona," alisema.

*

Asubuhi alteneta ilifungwa. Kwa haki, Anatoli alijua kufunga. Mkono wake ulikuwa mzuri maadamu mdomo umefungwa. Alikaza bolti, akaujaribu mkanda kwa kidole gumba, akaufunga waya mnene mahali pake. Nickson alimpa spana moja baada ya nyingine na kuzisifu zote.

Watu walishajaa. Mmoja akaanza, "Mtihani!" na wengine wakadaka, wenyeji na wakimbizi pamoja, hata vijana wa vizibao wakageuza shingo. "Mtihani! Mtihani!" Uso wa Anatoli ulichanua. Alisahau ugali wa jana, akasahau na neno lolote aliloambiwa juu yake. Akampa Nickson ishara, injini ikanguruma, taa ya mbele ikawaka. Akageuka kulifungua sanduku la betri.

Leonia alikuwa amelikalia.

Alikuwa ameketi wima, miguu pamoja, mikono juu ya magoti, kama mwanamke aliyekaa kanisani benchi la mbele.

"Mama Noel, inuka."

"Oya, siinuki."

"Inuka, watu wanatazama."

"Watazame."

"Leonia!" Alimwita jina lake kavu, jambo ambalo hakulifanya mbele za watu tangu harusi. "Unaniaibisha!"

"Nimekaa tu. Kukaa kuna aibu gani?"

Ufuko ulilipuka kwa vicheko. Mtu akapiga mluzi. Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, "Kapteni, betri imeatamiwa!" na hata wavuvi waliokuwa wakivuta nyavu wakaziacha zirudi majini. Anatoli alisimama na spana yake juu, hana pa kuishusha. Nickson, kwa mara ya kwanza, hakujua aitikie upande upi, akajifanya anafuta mafuta.

Leonia aliinama kando ya mguu wake, akabandua plasta kwenye swichi. Kitaa kilikuwa kimezimika. Kilikuwa cheusi, kizuri, kimya. Hakuwahi kuona kitu kinachopendeza namna ile kwa kutowaka.

"Inachaji," alisema. "Twende."

Wakaenda, kwa sababu kubaki kungekuwa aibu kubwa zaidi.

*

Ziwani Anatoli hakumsemesha. Wala hakukaribia sanduku. Hakuwahi hata siku moja kufanya mtihani wake mahali pasipo na watu, na Leonia alipoligundua hilo aliinuka, akanyoosha miguu, akaanza kutazama kitaa na kusikiliza pampu. Ilinyonya na kutema, ikanyonya na kutema, safari nzima, bila kuchoka. Alitamani kuikumbatia.

Ufuko wa Ubwari ulikuwa mweusi kwa watu. Boti haikuweza hata kugusa mchanga. Watu waliingia majini, wakaikimbilia, wakaishika kingo mpaka ikainama. Anatoli akaanza kupiga kelele za ukapteni, hakuna aliyemsikia. Leonia ndiye aliyemwona Veneranda. Alikuwa amesimama maji yakimfika kiunoni, amembeba mdogo mabegani, na hao wakubwa wawili wamemshika nguo.

"Dada! Pokea!"

Akampokea Bariki, yule mdogo, kisha wa kati, kisha Scola, mkubwa wao, aliyekuwa na miaka kumi na uso wa mtu mzima. Boti ilikuwa imejaa. Wengine walishapanda kwa upande wa pili, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwashusha.

"Panda na wewe!"

Veneranda aligeuka nyuma. Kule mchangani, juu ya jamvi, alikuwa amekaa mama mkwe wake, kizee kidogo kilichojifunika gubigubi, kikiwatazama kama mtu anayetazama mambo yasiyomhusu.

"Nimwache vipi? Hana mtu." Alikuwa akitweta. "Mtarudi?"

"Kesho asubuhi," Leonia alisema. "Umenisikia? Kesho asubuhi boti hii iko hapa. Usiondoke mahali hapa."

"Siondoki." Veneranda aliushika mguu wa Bariki, akaubusu, akauachia. "Dada, wapiganaji wanakaribia kule kwetu. Kesho."

"Kesho."

Anatoli aliwasha injini. Leonia aliona mdogo wake akirudi nyuma majini bila kuwapa mgongo, kichwa kimeinuliwa, akiihesabu boti kama mali yake.

*

Walifika Kibirizi jua likizama nyuma yao, pampu ingali inanyonya, kitaa kingali cheusi. Ufuko ulipoiona MTASEMA SANA ikija kwa injini zake yenyewe, imejaa watu hadi pomoni, ulipiga vigelegele. Watu walikimbia majini kusaidia kushusha mizigo. Wanawake waliwapokea watoto wasiowajua. Kwa dakika ile, lazima isemwe, watu wa Kibirizi walikuwa watu.

Anatoli aliwapungia mkono, na kifua kikajaa tena. Akaanza kueleza mawimbi aliyokutana nayo. Na huenda yangeishia hapo, mtu akaringa, akaenda kulala, kama si mdomo wa mvuvi mmoja wa wale waliomvuta kwa kamba.

"Tumesikia siku hizi nahodha ni mama, wewe ni abiria!"

"Alteneta inalaliwa kama yai!" mwingine akadakia.

Vicheko. Havikuwa vicheko vibaya, vilikuwa vya furaha, vya watu walioona boti ikirudi salama. Lakini Anatoli hakuwa na sikio la kuvipambanua. Uso wake ulikunjamana.

Leonia wakati huo alikuwa ameshuka. Bariki alikuwa ametapika njia nzima, amelegea, na Leonia alimbeba hadi nchi kavu huku akimpangusa mdomo kwa upindo wa kanga, Scola na yule wa kati wakimfuata. Alilifikiria sanduku la betri? Hakulifikiria. Mkononi alikuwa na mtoto anayetetemeka, na kichwani alikuwa na uji.

Nyuma yake akasikia, "Mtihani! Mtihani!"

Akageuka. Injini ya kulia ilikuwa bado inanguruma. Taa ya mbele ilikuwa imewashwa. Nickson alikuwa ameshika mfuniko wa sanduku kwa heshima kama kijana wa altareni, na Anatoli alikuwa amesimama na spana juu.

"Baba Noel!" Leonia alipiga ukelele. "Usi..."

Taa iling'aa.

Iling'aa kuliko siku zote, kwa sababu giza lilikuwa limeanza kuingia. Mwanga mweupe ulipiga ufuko mzima, ukaangaza maturubai, masufuria, nyuso za wakimbizi waliofunika macho. Watu walipiga makofi. Walipiga kweli, kwa mikono miwili, wenyeji kwa wageni, na vijana wa vizibao nao. Kisha taa ikarudi kawaida, Anatoli alikuwa amesharudisha waya.

"Mmeona nguvu hiyo?" alinguruma. "Mmeona? Nani abiria sasa?"

Scola alimvuta Leonia kanga.

"Mama mkubwa, wanashangilia nini?"

"Wanashangilia taa."

Mtoto aliitazama taa, akageuka kuyatazama maji kule walikotoka. "Mama ataiona?"

Leonia alimpa Scola Bariki ambebe, akaingia majini na nguo zake, akaipanda boti kwa mikono, akapita kati ya Nickson na mumewe kama hawapo. Akainama kwenye swichi.

Kitaa kilikuwa kinawaka. Kidogo kama punje ya hindi, chekundu, kimetulia.

Anatoli aliyafuata macho yake. Aliifikia injini haraka, akaongeza moto, ikanguruma kwa nguvu. Kitaa hakikujali. Akakigonga kwa ukucha. Akaupapasa mkanda, akautikisa waya, akaongeza moto tena, na kitaa kikaendelea kumtazama.

"Hiki... hiki ni pambo tu," alisema, lakini sauti haikutoka vizuri. "Labda plasta ilikuwa... Kesho asubuhi nitamwona Kudra, nita..."

"Kudra hana nyingine. Na mimi sina cherehani kingine."

Anatoli akamtazama Nickson, na Nickson akatazama pembeni.

"Mama Noel," alisema kwa sauti ndogo, "nifanyeje?"

Leonia alikaa juu ya sanduku la betri. Hakuna aliyemcheka safari hii. Alinyoosha mkono akamwonyesha ufukoni, pale walipokuwa wamesimama watoto watatu wa Veneranda, mmoja kabebwa, nyuso zote zimeelekea kwenye boti.

"Nenda kawaambie," alisema. "Wewe ndiye unayejua kusema."

Anatoli alishuka majini taratibu, spana ingali mkononi. Watu walikuwa bado wanampigia makofi.